Tupeane uzoefu: Neno moja, dini mbili. Ni neno gani liliwahi kuwachanganya Waislamu na Wakristo mbele yako?

Kalamu Butu (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu. Baba yangu ni Muislamu, mama yangu ni Mkristo, na ndoa yao imewaaibisha wote waliotabiri kwamba haitafika mwaka wa tatu. Nimekulia katikati yao, kwa hiyo nimeshachoka na mijadala ya dini inayoanzia kwenye Utatu, ikapita msalabani, ikaishia kwenye matusi. Leo nataka kitu kingine.

Nilipokuwa na miaka kama tisa nilimwuliza baba, "Mbona wewe huombi?" Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza adhuhuri, maji ya udhu bado yanang'aa mikononi. Akaniangalia. "Nimeswali sasa hivi, hukuniona?" Nikamwambia kuswali nimeona, nauliza kuomba.

Kwangu kuomba kulikuwa kile alichofanya mama usiku: kupiga magoti kando ya kitanda, kufumba macho na kumsimulia Mungu mgongo unaouma, deni, na mtu aliyemsema vibaya, kwa maneno ya siku hiyo hiyo. Baba alikuwa na hesabu. Alfajiri rakaa 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3, isha 4, jumla 17, na katika kila rakaa Alfatiha ile ile. Sikumsikia hata siku moja akitaja deni.

Hakukasirika. Akasema, "Swala ni kuripoti kwa Bwana wangu. Kumwomba ni dua." Akaniambia nikae palepale alasiri ikimalizika, nisikimbilie mpira. Nikakaa. Baada ya salamu, kabla hajakunja mswala, aliinua mikono akanong'ona kwa lugha ya nyumbani, na deni nikalisikia.

Kisha akanigeuzia swali: "Na mama yako husali saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Kwake sala isiyo na wakati, isiyo na udhu, isiyo na kibla, ilikuwa kama barua isiyo na anwani. Mkristo husali, Muislamu huswali. Tofauti ni herufi w peke yake, na mimi niliishi nayo miaka tisa bila kuisikia.

Nadhani ugomvi wetu mwingi unatokea hapo. Kiswahili kimetupa maneno yale yale, kila mmoja akaenda kuyajazia kwake. Tupeane uzoefu: ni neno gani lilikuchanganya? Simulia yaliyokukuta wewe. Kuhubiriana hapana.

Mtu wa Zaburi

Safi sana mleta mada, ila nisahihishe kidogo. Si kweli kwamba Wakristo wote husali bila saa. Nilikaa na watawa miaka miwili. Asubuhi kuna Masifu, jioni kuna Masifu tena, na katikati na usiku kuna vipindi vingine, zaburi zimepangwa kitabuni na kengele haikuulizi kama una hamu. Mgeni mmoja Muislamu alitutembelea, akatusikiliza siku nzima, akasema, "Kumbe na nyinyi mna vipindi!" Alifurahi kama aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Kalamu Butu

Nimekubali. Mama ni mlokole, kwa hiyo nilichokuwa nakiita "Ukristo" ni mama tu.

Mhasibu Mstaafu

Langu ni ZAKA, na lilitugharimu siku nzima ya kazi.

Nilifanya biashara na rafiki yangu Muislamu. Mimi ni Mlutheri. Tulipoanza kupata faida nikapendekeza kila mtu akatwe zaka yake juu kwa juu kila mwezi, pesa isije ikaliwa kabla haijafika kwa Mungu. Akasema vizuri, lakini kwa nini kila mwezi? Nikamjibu kwa sababu tunalipana kila mwezi. Akaniuliza, "Zaka na malipo ya mwezi vinahusianaje?" Nikaona rafiki yangu ni mbahili. Baadaye alikiri kwamba yeye aliona mimi sijui dini.

Tukatoa karatasi. Kwangu zaka ni fungu la kumi, lile la nabii Malaki. Ukipata 100 unatoa 10, hata kama 90 iliyobaki haitoshi kukufikisha mwisho wa mwezi. Kwake mapato ya mwezi hayaguswi kwa kuwa tu yameingia. Kinachotazamwa ni mali iliyotulia: ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini, ambacho kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na ikazungukiwa na mwaka mzima wa Kiislamu, ndipo inatolewa asilimia 2.5. Aliyeweka akiba ya 1,000, kama imefika nisabu, anatoa 25. Aliyetumia yote kwa mahitaji yake hadaiwi kitu.

Nikamwambia, "Basi nyinyi mmeponea chupuchupu." Akanikatiza: bidhaa za biashara nazo huhesabiwa zikiwa rafuni, hata kama hazijauzwa. Hapo nikanyamaza, maana mali yetu yote ilikuwa rafuni, na kanisani sijawahi kutolea zaka kitu ambacho sijakiuza.

Kilichomshangaza yeye ni zinakokwenda. Nilipomwambia zaka yangu inamlipa mchungaji na kuezeka paa, alishika kichwa. Kwao kuna makundi manane yaliyotajwa katika Sura ya 9, aya ya 60: mafukara, masikini, wanaoikusanya, wanaovutwa nyoyo kwenye Uislamu, kukomboa watumwa, waliozama katika madeni, njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyeishiwa. Wanazuoni wengi hawaruhusu zaka ijenge msikiti, hiyo ni kazi ya sadaka nyingine. Mimi nikamwuliza, kama zaka haimlipi imamu, imamu anakula nini?

Tulipatana mahali ambapo hakuna aliyetarajia, shambani. Kumbe mazao yaliyonyweshwa na mvua hutolewa moja ya kumi, na yaliyonyweshwa kwa gharama ya mtu hutolewa nusu yake. Nikasema unaona, fungu la kumi hilo hapo! Akacheka. Bahati mbaya sisi tulikuwa tunauza vipuri.

Mpita Njia

Mimi langu fupi. Bosi wangu mlokole aliniuliza siku ya kwanza kazini, "Ndugu, umeokoka?" Nikamjibu kwa moyo mmoja, "Alhamdulillahi, mara mbili. Ajali ya basi na mafuriko."

Alinyamaza sana.

Dada wa Zamu

Mpita Njia umenichekesha, lakini hilo neno lina kina. Nilisilimu nikiwa mtu mzima, na hiki ndicho nilichokihisi mwilini. Kanisani kwetu ukiulizwa kama umeokoka unajibu "ndiyo", na tarehe unaitaja. Wokovu ni zawadi, umeshaipokea, unaijua. Kusema "natumaini" kulihesabiwa ni upungufu wa imani. (Wakatoliki mtanisamehe, najua nyinyi hamsemi hivyo kwa ujasiri ule.) Upande wa pili nikakuta hakuna anayesema "mimi ni wa peponi". Bibi mmoja mcha Mungu kupita kiasi, nilipomwambia yeye pepo anayo mkononi, alinikemea. Akasema mja hutembea baina ya hofu na matumaini, akiegemea moja tu ameanguka.

Kilicho chini yake ni habari ya Adamu. Nililelewa kuamini kwamba kosa lile tulilirithi, ndiyo maana anahitajika mkombozi. Nikafundishwa upya kwamba Adamu alitubu akasamehewa, mambo yakaisha, na hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenzake. Kama hakuna deni la urithi, msalaba unalipa nini? Hapo ndipo dini mbili zinapoachana kwelikweli, wala si kwenye vazi langu la kichwani ambalo ndugu zangu walilijadili miezi sita.

Ila neno langu mimi lilikuwa KUFUNGA. Zamani kabla sijasilimu nilikuwa na mwenzangu wa zamu Muislamu. Siku ya Jumatano ya Majivu nikamwambia nimefunga, saa sita akanikuta nakunywa maji. "Umefungua?" Hapana. "Umesahau?" Hapana, nimefunga. Akanitazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Wakati ule nilikuwa bado Mkatoliki (ulokole ulikuja katikati, maisha yangu marefu), na kwa sheria ya Kikatoliki kufunga ni mlo mmoja kamili na vijilo viwili vidogo, kwa wenye miaka 18 hadi 59, tena lazima ni siku mbili tu katika mwaka mzima: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Nyama ndiyo inayoachwa kabisa siku hizo. Maji hayana kesi.

Akaniuliza, "Na ukila kwa makosa utailipa lini?" Kulipa? Sikuwahi kusikia kwamba funga ni deni. Leo ninazo siku zangu za kulipa, nazihesabu kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati, na ndipo nimemwelewa.

Mtu wa Zaburi

Niongeze: zile siku 40 za Kwaresima ukizihesabu kwenye kalenda utapata 46 mpaka kuamkia Pasaka, kwa sababu Jumapili hazifungwi. Na mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja. Ofisini kwetu nusu ya watu walikuwa wamefunga na hakuna aliyejua mwenzake anaruhusiwa nini. Mmoja alinificha chupa yake ya maji kwa heshima, nami nilikuwa naitamani.

Chuma cha Pua

Mnapoteza muda. Ukweli ni mmoja, mwenye macho haambiwi tazama. Mmoja wenu ataungua.

Kalamu Butu

Mkuu, uzi wa kuungua fungua wako, tutakuja kukutembelea. Hapa tunasimulia.

Mkaa Dirishani

ROHO MTAKATIFU. Mwenzangu wa chumbani chuoni alikuwa Mpentekoste, kila asubuhi anamwita Roho Mtakatifu ashuke. Mimi nimesoma madrasa tangu utoto, na kwetu Ruhul Qudusi, kwa maelezo ya wafasiri wengi, ni Jibrili. Nikakaa muhula mzima nikiamini ninaishi na mtu anayemwabudu malaika. Nilimwonea huruma kimyakimya, nikawa namwombea.

Siku moja nikamwambia wazi: Jibrili ni mtumwa wa Mungu kama mimi na wewe. Akasema, "Naam, nani kabisha?" Nikamwambia wewe, kila asubuhi. Ilichukua muda hadi akagundua ninachosema, na alipogundua alikaa kitandani akacheka mpaka machozi. Kwake Roho ni Mungu mwenyewe, na Gabrieli ni malaika tu aliyemletea Maria habari katika Luka sura ya kwanza. Nami nikamfungulia Sura Maryam, aya ya 17, ambapo anayemjia Mariamu kwa sura ya mtu anaitwa "Roho wetu". Tukaviweka vitabu viwili mezani. Binti ni yule yule, habari ni ile ile, mjumbe kwake ni Gabrieli na kwangu ni Roho, na kwangu hao wawili ni mmoja.

Kusema kweli hatukukubaliana. Kwangu kosa lake liligeuka kuwa kubwa zaidi ya nilivyodhani, maana afadhali angekuwa anamkosea Jibrili. Lakini angalau sasa nilikuwa nampinga kwa kile anachoamini.

Mkwe Mpole

MTUME. Baba mkwe aliniuliza, "Hao mitume wenu kumi na wawili walileta vitabu gani?" Nikasema hawakutumwa na vitabu, walitumwa na Yesu kutangaza. "Kwa hiyo ni mitume wa mtume?" Nikaona ametega. Nikikubali nimekiri kwamba Yesu ni mtume tu, nikikataa nimefuta kumi na wawili. Nikamwomba maji ya kunywa.

Baadaye nikajua kwamba hata Kurani inawataja wale wafuasi wa Isa kwa heshima, inawaita hawariyyuna. Laiti ningelijua neno hilo mapema.

Mama wa Vitabu

Mimi ni Muislamu, na neno langu ni INJILI. Nimekua nikiiamini Injili, maana kuamini vitabu vilivyoteremshwa ni nguzo ya imani. Kichwani mwangu kilikuwa kitabu kimoja, aliteremshiwa Isa, Mungu ndiye msemaji. Siku niliyoifungua nikakuta ziko nne. Marko hana hata habari ya kuzaliwa, anaanza na ubatizo. Mathayo anaanza na orodha ya mababu. Aliyenistua kabisa ni Luka: aya zake za mwanzo anamwandikia mtu aitwaye Theofilo kwamba amechunguza mambo yote tangu mwanzo ili ayaandike kwa utaratibu. Amechunguza! Nikafunga kitabu. Wahyi, ufunuo wa Mungu, unachunguzwaje?

Rafiki yangu Mkristo akaniambia kwao Roho humwongoza mwandishi, lakini mwandishi hubaki na kalamu yake na lahaja yake. Yeye naye nilimpa tarjuma ya Kurani, akarudi amechanganyikiwa. Alitarajia ianze na uumbaji ishuke mpaka mwisho wa dunia kama Biblia. Akakuta sura 114, ndefu zikiwa mwanzoni na fupi mwishoni, Baqara ina aya 286 na Kauthar 3, Musa anatokea, anapotea, anatokea tena. Yusuf peke yake ndiye aliyesimuliwa mwanzo hadi mwisho ndani ya sura moja. Akaniuliza, "Hadithi ziko wapi?" Na hapo tukaingia kwenye neno jingine la kuchanganya, maana kwangu hadithi si ngano, ni maneno na matendo ya Mtume, na yako nje ya Kurani.

Alichoniambia mwisho bado nakitafakari. Alisema nimekosea kuiweka Biblia yake mkabala na Kurani yangu. "Kwenu Neno la Mungu lilishuka likawa kitabu. Kwetu lilishuka likawa mtu." Ndiyo maana wao hutafsiri Biblia kwa kila lugha na kusoma tafsiri ibadani bila wasiwasi, na sisi tunaswali kwa Kiarabu hata tusiokijua. Na ajabu ni kwamba Kurani yenyewe inamwita Isa neno litokalo kwa Mungu. Nilimwambia hivyo akarukia, "Si unaona!" Nikamwambia tulia: neno "kuwa" likasemwa akawa, bila baba, na bado ni mja. Chai ilikuwa imepoa.

Mwana wa Marehemu

Nimesoma kimya tangu juzi, nikasita kama niandike. Neno langu ni JENEZA.

Baba yetu alisilimu akiwa na miaka sitini na kitu. Sisi watoto watatu tulibaki Wakristo, na hakutulazimisha. Alifariki alfajiri. Kabla jua halijapanda watu wa msikitini wakawa wameshafika. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Jeneza mnalo, au tulete?" Mimi ni kifungua mimba, nikaona ni aibu tusaidiwe na wageni kumsitiri baba yetu. Nikasema tunalo. Nikamtuma mdogo wangu mbio kwa fundi, akarudi na jeneza zuri, lina vishikio vya shaba na kitambaa cheupe ndani.

Yule mzee alilitazama muda mrefu. Akaniita pembeni. Akanieleza kwamba kwao jeneza ni machela ya kumbebea maiti, wengine huliita tusi, nalo hurudi msikitini kumngoja anayefuata. Baba angeingia ardhini na sanda yake, shuka tatu, alazwe ubavu wa kulia kuelekea kibla. Sanduku halikuhitajika. Hakucheka, wala hakuniambia nimekosea. Alisema, "Umemnunulia kizuri."

Nilidhani kutakuwa na ibada, wasifu wa marehemu usomwe, kwaya, watu waage uso. Nilikuwa hata nimeanza kuandika wasifu. Swala ya jeneza husaliwa kwa kusimama tu, takbira nne (kutamka "Allahu Akbar"), hakuna kuinama wala kusujudu, na dakika chache imekwisha. Mimi nilisimama nyuma sijui mikono niiweke wapi. Adhuhuri ikapita, baba akawa ameshazikwa, na ile karatasi ya wasifu ikiwa bado mfukoni na mistari minne. Miaka mingi nilichukulia haraka ile kama ukatili. Kwetu tungemweka siku tatu, nne, hadi wote wafike. Yule mzee alinieleza kwamba kumharakisha maiti ni kumkirimu, lakini moyo wangu ulichelewa kumsikia.

Kisha yakaja ya mirathi. Tuliambiwa kwamba kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, asiye Muislamu hamrithi Muislamu. Mdogo wangu alisimama akatoka. Yule mzee akamfuata, akamrudisha, akafungua bahasha. Sheria humruhusu mtu kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa wasio warithi, na baba alikuwa ameiandika theluthi yote, akatugawia sisi watatu majina kwa majina, mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Aliijua sheria, na akatutafutia mlango ndani yake.

Dada wa Zamu

Nimelia kwenye zamu. Mungu amrehemu.

Mpita Njia

Pole sana kaka. Samahani kwa swali, lakini lile jeneza mlilonunua likaishia wapi?

Mwana wa Marehemu

Tulilirudisha kwa fundi kesho yake, tumejiandaa kubishana naye. Alilipokea, akafuta vumbi kwenye vishikio, akahesabu pesa zetu akaturudishia. Alisema sisi si wa kwanza.